Aliyeshika Kamba

Wenzake kazini walimwita Mjusi, kwa kuwa alipaka rangi kuta za nje za ghorofa ya nne kwa raha ya mwanamke anayepaka sebule yake. Siku za mapumziko hakuachana na kuta, alihamia tu kwenye miamba. Kiangazi hiki kizima, kila Jumapili, alikuwa akining'inia kwenye jabali moja jekundu na brashi ya waya ya kazini, akikwangua kuvu, akiangusha mawe yaliyolegea, akitoboa matundu na kufunga pete za chuma za kupitishia kamba. Jabali lile halijawahi kupandwa na mtu. Na sheria ya wapandaji ni moja: atakayefika juu kwanza bila kuanguka ndiye anayeipa njia jina, na yeye ndiye huandikwa kwenye daftari la chama. Kwa miaka kumi na tatu Mjusi alikuwa amepanda njia zenye majina ya wenzake. Hii ilikuwa yake.

Mshirika wake wa kamba, wa kushikiana kwa zamu ili anayepanda akianguka asifike chini, alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, mpiga picha za harusi mwenye ulimi wa kumchekesha hata bibi harusi aliyenuna. Fundo lake la kwanza alifundishwa na Mjusi.

Siku ya siku ilipofika, Mjusi alikuwa bado anakaza viatu chini ya jabali alipoona shemeji amekwisha kujifunga kamba.

"Shem, ngoja nikupashie jiwe moto," alisema. "Naishia pete ya pili, nashuka, unaanza wewe."

"Pete ya pili."

"Ya pili. Mimi na wewe wa kudanganyana?"

Akamshikia kamba. Pete ya kwanza, ya pili. Shemeji hakusimama wala hakutazama chini.

"Shemeji, shuka."

"Nachungulia kidogo tu."

Akaifikia ya tatu. Hasira ilimpanda Mjusi, lakini mikono iliendelea kutoa kamba taratibu, maana mikono ya mshika kamba haina ruhusa ya kukasirika. Kikulacho ki nguoni mwako, na chake kilikuwa kimefungwa naye kamba moja, kwa fundo alilolikagua mwenyewe.

Pete ya nne shemeji aliiruka kwa pupa, bila kupitisha kamba. Hatua chache juu yake akakwama.

"Shem," akaita, sauti imemkauka. "Nashika wapi hapa?"

Mjusi alipajua. Nyuma ya ukingo wa kushoto palikuwa na tundu lisiloonekana mpaka ulipapase. Alilisafisha kwa mswaki, Jumapili tatu. Akinyamaza, shemeji ataanguka na njia itabaki yake. Lakini chini ya shemeji palikuwa na kibaraza cha jiwe, na angekipiga kabla kamba haijakaza. Miguu ingevunjika. Na wa kumwogesha na kumpeleka chooni angekuwa mdogo wake, mwenye mimba ya miezi saba.

"Mkono wa kushoto," alisema, na kila neno lilikuwa shubiri. "Nyuma ya ukingo, ingiza vidole vitatu. Sasa inua mguu wa kulia."

Shemeji akapita, akafika juu, akapiga vigelegele peke yake. Mjusi akamshusha polepole, salama salimini. Mguu haujakaa sawa chini, simu iko mkononi.

"Nimeipanda, mke wangu. Wa kwanza kabisa. Ndiyo, Shem yupo, alinishikia kamba."

"Dada," sauti ya mdogo wake ikatoka kwenye spika, "ahsante kwa kunitunzia mume."

"Haya, mama," alijibu Mjusi.

"Zamu yako, Shem," shemeji akasema akikata simu. "Na jina utanisaidia kuchagua, mimi sina roho mbaya."

Shukrani ya punda ni mateke. Mjusi alijifunga akapanda bila kusita popote. Ndani ya tundu lake alikuta chaki ya vidole vya mwingine. Akatazama chini: shemeji ameshika kamba kwa mkono mmoja, kwa wa pili anajipiga picha na jabali.

Juu kabisa aliketi mahali tambarare, akafungua fundo kiunoni, akaichomoa kamba kwenye pete ya mwisho.

"Kamba," alisema kwa sauti, kama mtu anavyopaswa kumtahadharisha aliye chini, kisha akaiachia. Ikaanguka yote miguuni pa shemeji.

"Shem? Sasa utashukaje?"

"Kuna njia ya nyuma. Kamba baki nayo, utafute wa kukushikia."

Akashuka peke yake kwa upande wa pili, brashi ya waya ikimgonga paja kila hatua.