Uji Haukumwagika

Tulidanganya mapokezi ya hospitali, mimi na mume wangu, tena kwa pamoja, kama watu waliofanya mazoezi. Tulisema uji umemmwagikia mtoto pajani.

Ukweli ni kwamba Hana, binti yetu wa miaka minne, alikuwa na siku sita anakohoa. Ilikuwa mwaka ule wa corona, na kwetu Misunkumilo kila nyumba ilinukia majani ya mwarobaini na mchaichai. Watu wazima walipiga nyungu, kujifukiza mvuke wake chini ya blanketi, asubuhi na jioni. Machibya, mume wangu, akaona kama inawasaidia wakubwa, itamsaidia na mdogo. Nilikubali. Nisimsingizie, blanketi nililishika mimi. Hana alipopaliwa na mvuke alirusha mguu, sufuria ya maji ya moto ikampindukia pajani.

Kwa nini hatukusema? Tuliogopa. Mtaani ilisemekana ukitaja kikohozi unanyang'anywa mtoto, na akifa wanamzika watu usiowajua. Kwa hiyo tukapeleka paja, kifua tukakificha. Hata sasa nikikumbuka ninajichukia.

Aliruhusiwa mzazi mmoja tu kuingia, nikaingia mimi. Daktari alisafisha jeraha, akauliza kama mtoto ana tatizo jingine. Nikasema hakuna. Hana alipokohoa, nikasema ni vumbi la bodaboda. Tukalazwa. Siku ya pili nesi Scola, mwanamke mnene asiyependa maneno mengi, alikuja kubadilisha bandeji, akasimama akiangalia mbavu za mtoto zinavyobonyea kila akivuta pumzi.

"Mama Hana, huyu amekohoa tangu lini?"

Kabla sijamjibu nilimpigia Machibya aliyekuwa getini. Akaniambia, "Mama Hana, usiseme. Ukisema, watamchukua." Nikamjibu kwamba nisiposema, atachukuliwa na mwingine. Nikakata simu.

Nikamweleza nesi yote: siku sita, nyungu, sufuria. Nikaongeza ambalo hakuniuliza, kwamba hata mimi nakohoa, na mume wangu hasikii harufu ya kitu chochote tangu Jumapili.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema, "Nyie wazazi," kisha akaenda kumwita daktari. Ndani ya saa moja Hana alihamishiwa chumba cha mwisho chenye mtungi wa oksijeni, na mimi nikaambiwa nitoke, kwa sababu ya kile kikohozi changu mwenyewe. Baba yake naye asingeweza kuingia. Hana alianza kulia nilipofika mlangoni. Sikugeuka, maana ningegeuka nisingetoka.

Siku tisa tulisimama nje ya dirisha la chumba kile, barakoa usoni, mbali kidogo na watu wengine. Machibya ni Msukuma wa ng'ombe. Hajui hadithi za watoto. Alikuwa anataja ng'ombe wetu kwa sauti, mmoja mmoja. Akimruka mmoja makusudi, Hana alipaswa kumsahihisha. Siku ya kwanza alisahihisha. Siku ya tatu baba yake aliruka ng'ombe wanne, na ndani kukawa kimya. Machibya alirudia kuanzia mwanzo. Alirudia mpaka mlinzi akamwomba apumzike.

Kupitia kioo tulimwona Scola, amevaa gauni la plastiki na miwani, anamlisha uji kwa kijiko. Nilimwonea wivu. Naona aibu kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya saba Machibya aliruka yule ndama mwenye baka jeupe. Kisauti kikasema, "Umemsahau ndama!" Mume wangu akakaa chini, palepale kwenye kokoto.

Siku ya kumi tuliambiwa tuje kumchukua. Alitoka anatembea, anachechemea kidogo, amekamata gauni la Scola. Nikavua barakoa ili anione vizuri, nikapiga magoti na kunyoosha mikono. Akajificha nyuma ya nesi.

"Hana, huyu si mama yako?" Scola akamwambia.

"Namjua," akasema mwanangu. "Ndiye aliyeniacha nikilia."

Nilikuwa na maelezo. Nilikuwa nimeyapanga siku zote tisa: kwamba nilitoka kwa sababu nilisema kweli, na kwamba kule kusema ndiko kulikompatia ile oksijeni. Lakini ana miaka minne.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Ni mimi."