Jiwe Ndani ya Neno

Daktari wa kiwanda aliandika bila kuinua macho: "Ugonjwa: mkamba. Chanzo: sigara." Kisha akagonga muhuri.

"Sijawahi kuvuta sigara, daktari," mkata mawe alisema. Sentensi fupi hiyo ilimlazimu kupumzika katikati.

"Wote mnasema hivyo."

Miaka kumi na minane alikata mawe magumu ya matale kwa mashine kavu, akitengeneza mawe ya makaburi ya wenye nazo, huku bomba la maji la kutuliza vumbi likifungwa, eti linachelewesha kazi. Alipoanza kuishiwa pumzi walimwachisha kazi, na mashine ile wakampa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Karatasi ikisema sigara, bomba halitafunguliwa. Hilo ndilo lililompandisha ngazi za ofisi ya daktari, wala si jingine.

Alitoa cheti cha hospitali ya serikali, kimekunjwa mara nne. "Hawa wameandika silikosisi."

"Hayo ya kitaalamu, mzee wangu. Usijichoshe."

"Nilimuuliza muuguzi. Akafungua kamusi, tukasoma wote. Neno lina asili ya Kilatini, limetoka kwenye silex. Jiwe gumu. Sigara haimo humo, daktari. Jiwe limo."

Daktari alicheka, lakini kalamu ilisimama. "Nikiandika hilo, kesho niko mtaani kama wewe."

"Basi nitaliandika mimi."

Alishuka uwanjani, akachagua jiwe jeusi lililokwisha kung'arishwa, la kupelekwa kwa mteja jioni hiyohiyo. Akachukua tindo na nyundo. Nani angemzuia? Nusu ya waliokuwepo aliwafundisha kazi yeye. Alichonga herufi, akakohoa, akachonga nyingine, na hasira ikampa pumzi ambazo mapafu yalimnyima. SILEX. Chini yake: JIWE.

Msimamizi alirudi kutoka kula, akaona, uso ukamwiva. "Umerukwa na akili? Na wewe," alimgeukia shemeji, "futa upuuzi huu!"

Shemeji alishika mashine, asiiwashe. "Nifungulieni maji kwanza."

"Nenda nyumbani na shemejio."

Msimamizi akamwita mwingine kwa kidole. Huyo alitazama chini, akajifunga kitambaa puani, akawasha.

Vumbi jeupe likapanda. Mkata mawe aliketi juu ya ndoo, akitazama, hakusogea. Maneno yale aliyachimba kwa kina, kadiri mkono wake ulivyoweza. Kuyafuta kungechukua mchana kutwa, na bomba, bado limefungwa, lilikuwa hatua tatu tu kutoka pale.