Pembe za Jaruba

Kombaini ya kuvunia mpunga ilishushwa kutoka kwenye lori saa mbili asubuhi, utepe mwekundu ukiwa bado umefungwa puani pake. Carkinah alikuwa amekwisha kusimama ndani ya jaruba, mpunga ukimfika kiunoni, mundu mkononi. Nyuma yake walikuwa wanawake wanne, kila mmoja na mundu wake. Hakuna aliyewaita, wala hawakuhitaji kuitwa.

Jaruba lilikuwa la Haji Durahim, lakini hapakuwa na mche humo ambao hawakuushika wao. Walipandikiza bila ujira. Wakapalilia mara mbili bila ujira, tope likiwala kucha. Ndivyo anavyoishi asiye na ardhi huku Indramayu, Indonesia: unapanda bure, unapalilia bure, na mpunga ukiiva hakuna mwingine awezaye kutia mundu humo ila wewe. Katika kila mafungu sita, moja lako. Fungu hilo ndilo lingemlisha Carkinah mpaka msimu ujao, yeye na wajukuu wawili walioachwa na binti yake aliyekwenda Uarabuni kulea watoto wa wengine. Hakuwa na kingine.

"Bibi, toka humo," alisema Tarkim, msimamizi wa Haji. "Leo kuna mgeni rasmi."

"Mgeni gani? Si Rasmadi huyo? Mimi ndiye niliyekuwa namtawaza akienda haja."

Wanawake wakacheka. Tarkim hakucheka.

Ukitaka kujua mtu alivyopanda ngazi, uliza kwanza alikanyaga mgongo wa nani. Rasmadi ni mdogo wake Carkinah, tumbo moja. Wazazi walipokufa, dada aliacha shule darasa la nne, akaingia matopeni. Kila msimu aliuza nusu ya fungu lake ili mdogo wake asome, mpaka akafika chuo cha kilimo, Bogor. Huko akajifunza uchumi wa wakulima. Akarudi na daftari, akakaa juu ya tuta huku dada yake akivuna, akamhoji kama mgeni. Kitabu alichoandika kilisema mila hii ndiyo ghala la maskini, na anayeivunja amewavunjia chungu jikoni. Maprofesa wakampigia makofi. Akapelekwa Uholanzi.

Alirudi na udaktari, miwani, na hesabu nyingine kabisa. Katika kitabu cha pili watu wale wale waliitwa hasara. Mikono yao inadondosha punje nyingi, aliandika, na fungu lao linapandisha bei ya mchele mjini. Hicho ndicho wizara ilichokipenda. Akawa mkurugenzi, kisha mkurugenzi mkuu. Kombaini hizi ni mpango wake, na hii ya leo ilikuwa imepewa kikundi cha wakulima ambacho mwenyekiti wake, shangaa usishangae, ni Haji Durahim.

Alifika na shati la batiki na viatu vipya vya mpira. Mbele ya kamera akauchukua mkono wa dada yake, akaugusisha kwenye paji la uso.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umenenepa."

Akainama, akashusha sauti. "Toka basi, dada yangu. Waziri yuko njiani."

"Nitatoka nikishavuna."

"Mashine itamaliza kwa saa moja."

"Mashine ilipandikiza lini? Mashine ilipalilia lini?"

"Hamkuajiriwa, dada. Hakuna mkataba wowote."

"Mkataba uliuandika mwenyewe kwenye kitabu chako!"

"Wakati ule nilikuwa kijana."

"Wakati ule ulikuwa na njaa," alisema Carkinah.

Wartem, jirani yake, akadakia, "Usitukane wakunga, Mheshimiwa, na uzazi ungalipo!"

Rasmadi alitabasamu kwa ajili ya kamera. Polisi wawili waliofuatana naye wakashuka tutani. Alitazama jaruba lote, pande zote, kama mtu anayetafuta mahali pa kutemea mate.

"Basi," alisema kwa sauti ya kusikika. "Mashine haiwezi kugeuka pembeni. Pembe nne za jaruba nawaachia nyinyi. Serikali haimsahau mtu."

Tarkim akaanza kupiga makofi, na wengine wakamfuata. Wartem alikuwa wa kwanza kutoka, kwa kuwaogopa polisi. Carkinah alitoka wa mwisho, na alipopita akamtazama mdogo wake machoni, naye akawa na haraka ya kufuta miwani.

Waziri alifika, akakata utepe. Kombaini ikaenda na kurudi, ikameza miezi minne ya migongo yao, ikatapika majani. Mpunga ulitoka kwenye bomba, ukaingia kwenye magunia, magunia yakaingia kwenye lori. Hapakuwa na kichwa cha mwanamke kilichobeba kitu.

Ndipo wanawake wakaingia pembeni. Hata jasho halikuwatoka. Walipura juu ya turubai, wakapata rundo dogo la mpunga lenye makapi na mabua. Carkinah alikuwa akitandaza mtandio wake Tarkim alipofika na kopo la kupimia.

"Ngojeni kwanza. Tugawe."

"Tugawe nini tena?"

"Moja kwa sita. Si mila yenu?"

"Pembe tumepewa!"

Tarkim akageukia hema la wageni, ambako Rasmadi alikuwa akila wali na kuku kutoka kwenye kiboksi. "Mheshimiwa! Pembe hizi nazo zigawiwe?"

Rasmadi alijifuta mdomo. Haji Durahim alikuwa ameketi kando yake, na waziri kando ya Haji.

"Mila ni mila," alisema, bila kutazama upande wa turubai. "Fungu moja la wavunaji, matano ya mwenye shamba. Nimeifanyia utafiti mwenyewe."

Tarkim akapiga goti, akapima. Hakuiba hata punje. Makopo matano yakaenda kwenye gunia la Haji, moja likabaki, na hivyo hivyo mpaka rundo likaisha.

Wanawake walikuwa watano. Carkinah akachuchumaa, akaanza kugawa kilichobaki kwa kiganja, punje zikimponyoka kati ya vidole, naye akiziokota moja moja. Mpiga picha wa wizara akasogea, akamwomba ainue uso kidogo.