Papai la Mahameni

Mwanangu Heche alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia, na tangu juzi hakuwa amepata choo. Anachuchumaa nyuma ya nyumba, anakunja uso kama mzee anayedaiwa ng'ombe, analia, anasimama, chini patupu. Tumbo gumu kama ngoma.

Mama mkwe akachonga kipande cha sabuni, chembamba kama kidole.

"Mlaze nimwingize hiki."

"Mama, mara ile alitoka damu."

"Si alikunya?"

"Alikunya damu!"

Nesi wa zahanati aliniambia nimpe maji ya kutosha na papai lililoiva, basi. Maji tulikuwa nayo. Papai ndiyo ilikuwa kazi. Kijiji chetu kipya kilikuwa na nyumba zilizopangwa mstari kama askari, na bendera, ila mti wa matunda hata wa dawa hakuna. Mpapai wangu ulibaki mahameni, kule kwenye boma letu la zamani tulilohamishwa kwa nguvu. Mbegu alinipa dada yangu aliyeolewa ng'ambo ya mpaka wa Sirari, na papai lake ndani lilikuwa jekundu kama nyanya. Hakuna mwingine aliyekuwa nalo. Na kurudi mahameni kulikatazwa.

Nikambeba Heche mgongoni mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji, Machage. Nilimkuta uwanjani kwake na wageni wawili wa wilayani.

"Shikamoo, ndugu mwenyekiti. Naomba ruhusa nikachume papai mahameni. Mtoto hapati choo."

Wageni wakacheka.

"Mama Heche," alisema Machage, "anayerudi mahameni anapinga maendeleo. Taifa lisimame kwa ajili ya mavi ya mtoto?"

"Lisisimame. Liendelee tu, mimi nitachuma peke yangu."

"Nimesema hapana."

Nikageuka niondoke. Kando ya banda, kuku walikuwa wakigombania maganda. Maganda ya papai. Ndani mekundu.

Niliingia nyumbani kwake bila hodi. Mezani kulikuwa na nusu papai, kisu kimelala juu yake. Nikatoka nalo uwanjani.

"Na hili je? Lilihamia kijijini kwa hiari yake?"

"Mama Heche, mbele ya wageni..."

"Wageni gani! Si ndio wamelila? Hebu wajifute midomo! Mwanangu anakatika tumbo, ninyi mnakula dawa yake mkimcheka! Sasa lete maji. Sitoki hapa mpaka mtoto anye."

Nikakaa kwenye kiti chake. Nikamlisha Heche kwa vidole, nikamnywesha, nikamsugua tumbo. Wageni wakakumbuka ghafla kwamba Landrova yao inawasubiri.

Jua lilikuwa limeshainama Heche alipochuchumaa karibu na miguu ya mwenyekiti. Akakunja uso. Nikabana pumzi, na Machage naye akabana, nilimwona. Heche akalia kidogo, akajikamua tena.

Kikatoka. Kigumu kwanza, kisha laini, kingi mpaka nikacheka na machozi. Heche akakitazama, akakimbilia kuku.

Machage akaleta jembe mwenyewe.

"Fukia, uende zako."

"Fukia wewe, ndugu mwenyekiti," nilisema nikimfunga mwanangu mgongoni. "Papai ulichuma bila kuniomba ruhusa. Hiki nimekupa. Na kesho asubuhi nakwenda mahameni na kapu. Ukitaka kunikamata, njoo na wale wageni wako."