Kifo cha Muuza Mkaa

Mwalimu wa fasihi alifika daftari la saba, hasira zikampanda. Swali lilikuwa jepesi: fafanua ujasiri wa muuza mkaa, yule mama wa kwenye riwaya ya darasa. Wanafunzi, kana kwamba wamenyonya ziwa moja, walijibu kuwa ujasiri wake ulionekana alipokufa. Kafa lini? Riwaya inakwisha mama huyo yu mzima, kajitwika gunia, anamtukana diwani barabarani. Na sarufi yao ilikuwa safi, kila nukta mahali pake. Uongo uliopigwa pasi. Binti mmoja tu ndiye aliyemwacha mama hai.

Alijua uongo huo ulikotoka. Mwongozo wa maswali na majibu uliokuwa ukiuzwa mpaka vibandani ulitungwa na mumewe, naye mume yuko sebuleni, miguu mezani, anatafuna karanga.

Alimbwagia madaftari mapajani na kumuuliza kama aliwahi kuisoma riwaya yenyewe. Mume alijiumauma, kisha akakiri kuwa aliishia katikati. Hapo muuza mkaa alikuwa anakohoa, naye akaona mgonjwa wa riwayani haponi. Mwalimu alitamani kumrushia bakuli la karanga. Mwaka mzima anawahimiza watoto wa watu wasome kwa macho yao, kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Akaapa kuuchana mwongozo huo kesho, mbele ya darasa zima.

"Uchane," mume akasema, bado anatafuna. "Lakini wasahihishaji wa mtihani wa taifa nao wanasoma huohuo, mke wangu. Waulize shule ya jirani."

Mwalimu akampigia simu mwenzake wa huko. Ilikuwa kweli. Mwanafunzi wao bora wa mwaka jana alimwacha mama hai kwenye mtihani, akakosa chuo kwa alama za swali hilo. Walikata rufaa, wakajibiwa kwa maandishi kwamba muuza mkaa alikufa. Mwalimu alikaa sakafuni akalia kwa ghadhabu, na mume hakuthubutu kumgusa.

Asubuhi aliingia darasani macho mekundu. Mtihani ulikuwa wiki ijayo. Alirudisha madaftari, na yule binti akaona vema yake kati ya makosa ya wenzake. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo kwenye mtihani nijibu hivihivi?"

Mwalimu aliuma meno mpaka taya zikamuuma.

"Umesoma vizuri kuliko wote, mwanangu. Kwenye kitabu yu hai. Kwenye mtihani, mzike."

Binti akachukua rula, akalikata jibu lake kwa mstari ulionyooka.