Reli Iliyoota Hadi Mlangoni kwa Wangeci

Kila Jumapili, baada ya ibada, wazungu wa mashamba ya kahawa walifika kwenye njia panda ya reli karibu na Mugutha, wakafungua viti vya turubai, wakamimina chai na kutazama treni. Mpaka mwaka 1954 njia zilikuwa mbili: ya Nanyuki na ya kiwanda cha mkonge. Ya tatu iliota mwaka uliofuata, wakati wa masika.

Wambua, mgeuza reli, aliiona ikiwa na urefu wa mkono, akadhani ni kazi ya mwenzake wa zamu. Mvua zilipokatika ilikuwa imepita shamba la mananasi, imevuka handaki lililozunguka kijiji ambako watu walihamishiwa kwa amri, na kukomea mlangoni kwa Wangeci. Yeye aliifagia, akaanika maharagwe juu ya mataruma.

Mumewe Bedan, fundi cherehani wa Ruiru, alikuwa amekamatwa kwenye msako wa serikali ya kikoloni. Kila Jumapili alipitishwa njia panda ndani ya behewa lenye madirisha ya waya, akihamishwa kambi hii hadi ile.

“Baba Mulei,” Wangeci alimwambia Wambua, “igeuze hiyo treni ije kwangu.”

“Mama, dereva haingii njia bila kupewa pete. Njia yako haina pete.”

Ilikuwa kweli. Kila kipande cha reli kilikuwa na pete yake ya chuma, na dereva asiyekuwa nayo hasogei, hata mbele kukiwa kweupe. Wangeci akaenda nyumbani, akavua pete ya pipa la maji, akamletea. Wambua aliipima kwa mkono.

“Itatosha.”

Jumapili hiyo Omondi, dereva, aliinyakua pete hiyo kwa mkono huku treni ikitembea, kama kawaida, akakata kona. Alikwenda taratibu, maana maharagwe yalikuwa hayajaanuliwa. Wazungu walibeba viti vyao wakafuata.

“Umekula?” Wangeci alimuuliza Bedan kwenye waya.

“Nimekula. Paa bado linavuja?”

“Linavuja.” Akamgeukia askari aliyelinda behewa. “Mfungulie, amefika kwao.”

“Mahabusu hushushwa stesheni.”

“Na hapa ni wapi?”

“Ni mlangoni kwako. Hiyo ndiyo shida yenyewe.”

Wangeci akajenga jukwaa la udongo, akalipaka chokaa. Askari alilikagua, akalisifu. Lilibaki jambo dogo tu, alisema: stesheni lazima iwe na ubao wa jina, na ubao huletwa kutoka Nairobi.

Ubao haukuletwa. Treni iliendelea kuja, na Wangeci alikata viazi vitamu vyembamba kama vidole ili vipenye kwenye waya. Wazungu walihamia uani kwake kabisa. Kivuli kilikuwa kizuri kuliko cha njia panda.

“Mama,” mmoja alimwambia, kamera jichoni, “wewe simama kando kidogo. Unafunika namba ya behewa.”

Wangeci akasogea hatua moja. Ndani ya waya, Bedan naye akasogea hatua moja.