Mistari Niliyoikata

Leo asubuhi nilikuwa napiga pasi sketi ya shule juu ya meza ya kulia, kaka ananiambia nisogeze waya, unagusa kompyuta yake. Meza tunagawana: yeye upande wa dirisha, mimi upande wenye alama ya kuungua.

Kaka anatengeneza programu. Wiki ya tatu hii anaifundisha programu moja ya kuandikia ifungue mafaili ya Markdown. Ndivyo ninavyoandika mimi kwenye simu yangu kuukuu: kichwa cha habari unakiwekea alama ya reli, ile #, maneno ya kukoleza unayazungushia nyota, ya kukata, yaani yapitiwe na mstari katikati, unayaweka kati ya vimawimbi, ~~ hivi. Alinifundisha yeye. Sasa anataka ukifungua faili, reli igeuke kichwa kweli, nyota zigeuke wino mzito.

"We Kobe," ndivyo anavyoniita, "nipe faili la kujaribia. Refu, lenye fujo."

"Sina."

"Huna? Na kutwa unabofyabofya hiyo simu, unamwandikia nani, rais?"

Namwandikia mama. Anafanya kazi mbali, mwaka wa pili huu. Wiki iliyopita alinipigia akauliza aombe likizo aje kwenye mahafali yangu, au? Mwisho wa kuomba ni kesho. Nikamwambia asijisumbue, nitamwandikia vizuri. Barua ikanishinda kumaliza.

Nikampa kaka hiyo hiyo, kwa sharti asisome.

"Natazama alama mimi, siyo umbeya."

Faili likafunguka. Lilipendeza jamani, kichwa kikubwa, aya zimenyooka kama barua ya ofisini. Halafu nikaona kule chini:

*Usijisumbue kuja, ni sherehe ndogo tu. Natamani uje. Nitakutafuta kwenye viti hata nikijua hupo.*

Sentensi mbili za mwisho nilikuwa nimezikata kwa vimawimbi, hapa hazina mstari wowote. Huwa sifuti. Nikifuta zinapotea, nikikata angalau mimi najua nilizisema.

Nikaziba kioo cha kompyuta kwa kiganja. Kaka alikuwa ameshasoma. Nilijua kwa sababu hakunitania.

"Vimawimbi bado sijaifundisha," akasema polepole. "Inavitupa, maneno inayaacha. Kosa langu. Ukitoka shule utayakuta yamekatwa, kama ulivyotaka."

Kwenye kipindi cha hesabu sikusikia kitu. Nilikuwa nawaza ile barua ilivyoonekana. Haikuonekana imekosewa.

Niliporudi kaka alikuwa na furaha, chai imepoa pembeni. "Njoo uone!" Na kweli, kila sentensi kati ya zile mbili ilikuwa imepitiwa na mstari mwembamba, safi. Nikamwambia hongera.

"Kaka. Ile ya asubuhi bado unayo?"

"Yenye kosa? Ipo. Ya nini?"

"Nitumie."

Akageuka akaniangalia. Nilidhani ataanza kunitania. Akabofya tu, simu yangu ikalia.

"Haya, Kobe," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Nimemtumia mama saa tatu usiku, bila kubadilisha chochote. Sasa inakaribia saa sita. Inaonyesha imefika. Labda amelala, labda anaisoma mara ya pili. Simu nimeiweka chini ya mto, sauti nimeiacha juu.